Mleni Tu, Ataisha?

Huku Kigoma ukianza kuzungumzia samaki mgeni aliyeingia kwenye maji ya watu na kuharibu, jibu la kwanza utakalopewa ni lile lile: mleni tu, ataisha. Nimelisikia Kibirizi, nimelisikia Katonga, nimelisikia ndani ya daladala ya Ujiji kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kushika kasia. Linakotoka nakujua. Sisi ni watu wa samaki, na tumeona kwa macho yetu nguvu ya nyavu. Wazee wanakumbuka migebuka walivyokuwa wakimwagwa mwaloni mpaka wanakosa wanunuzi; leo wanahesabiwa. Ziwa Tanganyika lilichoka hadi likafungwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Aliyeshuhudia hayo ana haki ya kuamini kwamba hakuna kiumbe wa majini atakayeshinda tumbo la binadamu.

Nimelisoma na kulifuatilia wazo hili kwa muda mrefu, kwa sababu nimelelewa na fedha ya dagaa na ziwa hili ndilo lililonisomesha. Mpaka sasa nalikubali nusu. Uvuvi wa wenyeji unaweza kumbana mvamizi, na kuna mahali umembana kweli. Lakini unafaulu kwa samaki wa aina fulani tu, na ukichelewa, soko lile lile lililokuja kumla linageuka kuwa mlinzi wake.

Tuanze na Ziwa Victoria. Sangara si mwenyeji wa ziwa lile. Aliwekwa na watu, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye maji ya Uganda na Kenya. Hoja yao ilisikika vizuri mezani: ziwa limejaa furu, visamaki vya miiba na bei ndogo, basi tumweke mkubwa awale wadogo, halafu sisi tumle mkubwa. Kwa miaka kama ishirini hakuonekana kufanya la kutisha. Miaka ya 1980 akafumuka. Furu walikuwa aina zaidi ya 500, karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Wataalamu wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Ngege wa Victoria, ambaye nyavu zilikuwa zimeshampunguza na ambaye alibanwa pia na sato aliyeletwa miaka hiyo hiyo ya 1950, akabaki kujificha kwenye vijiziwa vya pembeni.

Halafu watu wakamla sangara. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, ndege zikabeba kwenda Ulaya, na kila mwenye mtumbwi akatafuta nyavu za macho makubwa au kamba ya ndoano mia kadhaa. Wale sangara wakubwa wa kutisha wakaanza kuwa adimu. Na kwenye Ghuba ya Mwanza likatokea jambo ambalo wengi hawakulitegemea: sangara walipopungua miaka ya 1990, baadhi ya furu walianza kurudi. Si wote, na waliopotea kabisa hawatarudi, lakini wavuvi walianza kuwaona tena kwenye nyavu. Kwa hiyo anayesema "mleni" ana ushahidi wake, na ushahidi wenyewe ni mzito.

Sasa angalia kilichofuata. Leo Tanzania ina sheria ya kumlinda sangara. Anayeruhusiwa kuvuliwa ni mwenye urefu wa kuanzia sentimita 50. Chini ya hapo aachwe akue. Ukishikwa na sangara wa sentimita 40 una kesi ya kujibu. Simlaumu yeyote kwa hilo. Kuna familia nyingi kandokando ya ziwa lile ambazo ada za watoto zinatoka kwa sangara, na nchi inapata fedha za kigeni. Ndiyo maana nasema mvamizi akishaingia kwenye daftari la mapato, hakuna mwenye ubavu wa kusema amalizwe. Kuanzia siku hiyo uvuvi unamtunza abaki kwa kiasi kinacholipa, na kiasi kinacholipa sicho kiasi ambacho furu wanakihitaji ili wapone.

Kuna jambo jingine kuhusu sangara ambalo mtu wa Kigoma atalielewa haraka kuliko mtu wa mahali pengine popote. Ndugu zake wa ukoo ule ule tunao hapa, aina nne, na ni wenyeji: migebuka mwenyewe, nonzi, na wale wawili wakubwa tunaowaita sangara huku kwetu. Ni wala nyama vilevile, wana mdomo ule ule. Hawajaliangamiza ziwa kwa sababu wamekuwa humo pamoja na chakula chao kwa muda mrefu mno, na kila anayeliwa amepata nafasi ya kujifunza kujificha, kukimbia au kuzaa haraka. Ubaya wa sangara wa Victoria uko kwenye mahali alipopelekwa na ghafla aliyopelekwa nayo.

Na sisi pia tumetoa wageni, jambo ambalo halisemwi sana. Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji walichukua dagaa kutoka Tanganyika wakawapeleka Ziwa Kivu. Aliyeshika ni lumbu, yule dagaa mkubwa kidogo, mwenye kupenda ukingo. Kivu haikuwa na samaki wa kula vijidudu vya katikati ya maji; lumbu akawala, na jamii moja ya vijidudu hivyo iliyokuwa ikistawi humo ikatoweka. Mwaka 1967 na 1968 Zambia nayo ikachukua lumbu ikawamwaga Ziwa Kariba, bwawa lililokuwa changa bado. Huko anaitwa kapenta. Alipita kwenye mitambo ya bwawa, akateremka na Zambezi hadi Cahora Bassa nchini Msumbiji, bila mtu kumbeba.

Huyu kapenta ndiye anayevunja hoja ya "ataisha" vizuri kuliko yeyote. Amevuliwa usiku baada ya usiku, kwa taa na nyavu za kuinua, Wazambia upande mmoja na Wazimbabwe upande wa pili, miongo kadhaa sasa. Mavuno yameshuka sana ukilinganisha na zamani. Yeye bado yupo. Wanawake wanaoanika dagaa Katonga wangeweza kuwaambia kwa nini, maana wanawashika kila siku mikononi: dagaa wa urefu wa kidole anakuwa na mayai tayari. Anaishi muda mfupi, anazaa mapema, na unapovua wakubwa waliobaki wanapata chakula zaidi. Sangara jike anahitaji miaka kadhaa kabla hajazaa, kwa hiyo nyavu zinamwahi. Lumbu hazimwahi. Ukitaka kujua kama uvuvi utamweza mgeni fulani, swali la kwanza ni hilo: anazaa akiwa na umri gani, na je, nyavu zinampata kabla ya hapo?

Swali la pili ni kama lazima aishe. Hapa nimejifunza kitu kutoka mbali, na nakitaja kwa sababu kimenipa matumaini. Kuna samaki simba, mwenye miiba ya sumu mgongoni, ambaye kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Miaka ya 1980 alianza kuonekana pwani ya Florida, huenda ametupwa na wafugaji wa samaki wa mapambo, akaenea visiwa vyote vya Karibi akila watoto wa samaki wa miamba. Wazamiaji wanamchoma kwa mkuki mmoja mmoja, na watu wanamla. Utafiti uliochapishwa 2014 ulifuatilia miamba 24 kule Bahamas kwa miezi 18. Pale ambapo wazamiaji walimpunguza hadi chini ya kiwango ambacho mwamba unaweza kustahimili, uzito wa samaki wenyeji uliongezeka kwa asilimia 50 hadi 70. Hakuisha. Alipunguzwa tu, na hiyo ikatosha. Lakini kazi haina siku ya mwisho, kwa sababu anaishi pia kwenye kina ambacho mzamiaji hafiki na kutoka huko anarudi.

Marekani kuna habari nyingine, fupi. Samaki wa kutoka China aina ya kapu waliletwa miaka ya 1970 kusafisha mabwawa ya ufugaji, mafuriko yakawatoa, wakaujaza mto Mississippi na matawi yake. Jimbo la Illinois tangu 2010 linawalipa wavuvi kuwatoa, na 2022 likawapa samaki hao jina jipya la sokoni ili walaji wawapende. Kwa maneno mengine, bei haitoshi kumfanya mvuvi afanye kazi hiyo kwa hiari yake, kwa hiyo serikali inafidia. Nchi tajiri inaweza. Halmashauri zetu siwezi kuziona zikilipa wavuvi miaka kumi na tano mfululizo kwa ajili ya samaki mmoja asiyetakiwa.

Ndiyo maana mawazo yangu yote yamehamia kwenye kipindi cha mwanzo kabisa, kabla samaki hajawa na jina, bei wala mteja.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na nchi nne zinaligawana. Aina nyingi za samaki wake hazipo mahali pengine popote duniani, wala konokono na kaa wake. Mpaka leo halijapata msiba wa namna ya ule wa Victoria. Lakini milango iko wazi. Zambia, ambayo inapakana nasi kwenye ziwa hili, ina kamba wa maji baridi kutoka Australia waliotoroka kwenye mashamba ya ufugaji mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sasa wako mto Kafue na Ziwa Kariba, na wavuvi wa huko wanavuta nyavu wakikuta samaki ameshatafunwa nusu. Kamba wale wanaweza kukaa nje ya maji saa nyingi wakiwa na unyevu kidogo. Ndoo moja yenye kitambaa kibichi inatosha kuwavusha hadi Mpulungu, bandari ya Zambia kwenye ziwa hili, ambako maji yake ndiyo haya haya tunayooga Kigoma. Wakifika, kaa wetu na konokono wetu watakuwa wa kwanza kuumia.

Mlango mwingine ni mto. Malagarasi inakusanya maji ya eneo kubwa la Kigoma na Tabora. Ugalla inatoka upande wa Tabora na kuingia humo. Mabwawa na visima vya samaki vinavyochimbwa huko juu, mvua kubwa ikivunja kingo, vinateremshia kila kitu kwenye madimbwi ya Malagarasi na Moyowosi, eneo lililotambuliwa kimataifa mwaka 2000 kuwa ardhioevu ya kwanza nchini chini ya mkataba wa Ramsar, kisha Uvinza, kisha Ilagala, kisha ziwani. Malagarasi ina perege wake yenyewe, ambaye vitabu vinamwita Oreochromis malagarasi na hapatikani kwingine. Jamii hizi zikikutana huzaliana na kuchanganyika, na mwenyeji anaweza kupotea bila hata mmoja kufa njaa wala kuliwa. Nyavu haziwezi kutenganisha damu.

Na ugeni wenyewe haufuati mipaka ya nchi. Sato, ambaye Victoria ni mgeni, kwenye bonde la Tanganyika ni mwenyeji. Utafiti uliofanyika kati ya 2011 na 2017, ukachapishwa 2019, ulipita maeneo 123 ya Tanzania na kukuta jamii tatu za perege zimeshajenga makao nje ya maji yao ya asili: sato, ngege wa Victoria, na mmoja wa kutoka maziwa ya Uganda. Nyingi ya safari hizo zilifanywa na binadamu wenye nia njema, wakipeleka vifaranga ili watu wapate kitoweo. Sina neno na kitoweo. Nataka anayepeleka vifaranga Uvinza ajue vimetoka mto gani.

Kuna asubuhi moja nilikuwa Kibirizi, mitumbwi ya makila, zile nyavu za kutega, imeingia, jua bado halijawa kali. Kijana mmoja alikuwa akichomoa samaki kwenye nyavu na kuwatupia ndani ya beseni la bluu: kuhe wawili, vijisamaki vya mawe, na mmoja ambaye watu walimsogelea. Alikuwa na urefu wa kiganja na nusu, mwili mnene, magamba makubwa yanayong'aa rangi ya shaba pembeni, na mapezi ya chini yamekaa nyuma kuliko tulivyozoea. Alikuwa bado anapumua. Mzee mmoja anayeheshimika pale, aliyevua tangu enzi za karabai, alimshika kichwa, akamgeuza, akamfungua mdomo kwa kidole gumba akachungulia meno.

"Huyu si wa hapa," akasema.

"Shikamoo mzee," kijana akajibu akicheka kidogo, "labda ameshuka na mto. Mvua za Ilagala zimekuwa nyingi."

"Marahaba. Wa mto nawajua, mwanangu. Nimevua Ilagala kabla hujazaliwa."

Wakabishana. Mwingine akasema ni wa Kongo, amepotea njia. Na hilo linawezekana, tena sana: mto Malagarasi ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe, zamani maji yake yalikwenda moja kwa moja upande wa Kongo kabla bonde la ufa halijafunguka, na hadi leo una samaki ambao ndugu zao wako mto Kongo wakati humu ziwani hawamo. Kwa hiyo sura ngeni kwenye nyavu inaweza kuwa ya mwenyeji mkongwe kuliko sote, au ya mgeni wa jana aliyetoroka kwenye bwawa la mtu. Tofauti ya hayo mawili ni kubwa mno, na pale mwaloni hakuna aliyeweza kuithibitisha.

Wakati wanabishana, mama mmoja mwenye kanga iliyofungwa kifuani alisogea, akamminya samaki tumboni kuona kama ni mbichi, akauliza: "Analiwa?"

"Samaki gani haliwi, mama?"

"Basi niambie bei."

Aliondoka naye kwa shilingi elfu nne. Nina hakika alipikwa mchana ule kwa mawese na kuliwa na ugali wa muhogo, na nina hakika alikuwa mtamu. Mzee alibaki amesimama, mikono nyuma, akitazama beseni. Aliniambia kwamba miaka yote aliyovua ameona sura za namna hiyo mara chache, na kila mara zimekwenda njia hiyo hiyo.

Hapo ndipo ninapopataka. Mvuvi wa Kigoma ana elimu ambayo chombo chochote cha utafiti kingeitamani. Usiku mmoja mitumbwi yetu inachota maji kwenye mamia ya sehemu, kina tofauti, mawe na mchanga, na asubuhi kila kilichopatikana kinapita mbele ya macho ya watu waliokula samaki hao maisha yao yote. Mgeni akiingia ziwani, wa kwanza kumgusa atakuwa mvuvi, pengine miaka kabla ya mtafiti. Uvuvi wa wenyeji ungekuwa na nguvu hasa wakati huo, wakati wageni bado ni wachache, wamekaa ghuba moja au mlango wa mto mmoja, na nyavu za kijiji kimoja zinaweza kuwakusanya kabla hawajasambaa. Ila taarifa inaishia kwenye sufuria.

Watu wa kuipokea wapo. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo chake hapa Kigoma. Chuo cha uvuvi cha FETA kina kampasi Kibirizi hapo hapo, hatua chache kutoka mahali lile beseni lilipokuwa. Kila mwalo una kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, chenye katibu na daftari. Daftari lile linaandika kilo na aina kwa ajili ya takwimu na ushuru. Kinachokosekana ni safu moja zaidi kwenye daftari, ya samaki asiyejulikana, na sababu ya mvuvi kumwonyesha badala ya kumuuza.

Sababu hiyo ni fedha. Nimezungumza na wavuvi kuhusu hili na hakuna aliyenizungusha: samaki wa elfu nne ni elfu nne. Mafuta ya injini yamekopwa, betri ya taa za sola inadai, watoto nyumbani wanasubiri. Kumwambia mtu amtoe bure kwa faida ya ziwa ni kumpa mzigo wetu sote aubebe peke yake. Basi alipwe. Samaki mgeni mwaloni anunuliwe na BMU kwa bei ile ile ambayo yule mama angelipa, na halmashauri irudishe. Sura ngeni ni chache kwa mwaka, haya si matumizi ya kuogopesha. Na bei isizidi ya soko hata shilingi moja, maana ukiweka zawadi kubwa, atatokea mwerevu wa kuwafuga wageni nyuma ya nyumba ili awauze kwako.

Akishanunuliwa, asirudishwe majini akiwa hai, hata kwa huruma. Apigwe picha ya ubavu mzima akiwa amelazwa juu ya kitu chenye kipimo, mkia umefunguliwa vizuri, kwa sababu mistari ya mkiani ndiyo inayowatenganisha wengi wa jamii ya perege. Iandikwe alikopatikana, kina, na aina ya nyavu. Halafu awekwe kwenye barafu, na pasipo na barafu awekwe chumvi, Uvinza ina chumvi ya kutosha. Apelekwe TAFIRI siku hiyo hiyo au kesho yake, na jibu lirudi mwaloni, lisomwe mbele ya aliyemvua: huyu ni wa mto, mwacheni, au huyu ni mgeni, na wenye makila wa ghuba ile waanze kumfuata wiki hii.

Mialo ya kuanzia ni miwili, kwa maoni yangu: Ilagala, kwa sababu mto unaingilia hapo, na Kibirizi, kwa sababu kila kitu kinapita hapo. Yule mzee amesema yuko tayari kukaa na wanafunzi wa chuo asubuhi za mwezi wa giza, mitumbwi inapoingia, awafundishe sura za wenyeji. Anachotaka ni kiti na kivuli.